Maji ya Usipa

Mwaka ninaousema ni ule tuliokula wali siku ya Jumatatu. Tarakimu zake zilinitoka zamani, lakini tumbo halijasahau. Kabla ya hapo, kwetu milimani Mbinga, wali ulikuwa wa Krismasi, Pasaka na harusi ya mtu mwenye uwezo. Siku nyingine zote tulikula ugali na maharage yaliyolimwa kwenye ngolo, yale mashimo ya Kimatengo yanayochimbwa kwenye mteremko ili mvua isiondoke na udongo. Halafu serikali ikaruhusu kila mwenye gari na mzani aje kununua kahawa, na kwa msimu mmoja dunia ikageuka. Wanunuzi walipanda mlima kwa magari yenye vioo vya nyufa, wakashindana bei mbele ya milango yetu, na wazee wakawa wanachekelea kama msichana anayeposwa na watu watatu kwa mpigo. Jumatatu moja, bila sikukuu, bila mgeni, mama akainjika wali. Nakumbuka harufu ile ilivyotoka jikoni ikanikuta uani napukuchua mahindi, na mimi nikajiuliza nani amekufa.

Watu walinunua bati, wakanunua redio, wakanunua baiskeli ambazo kwenye milima yetu unazisukuma wewe zaidi ya zinavyokubeba. Kitu kimoja hawakununua: dawa. Miaka yote dawa ya kahawa, ule mrututu wa buluu wa kunyunyizia, ilikuwa ikiletwa kwenye godauni la kijiji na kila mkulima akagawiwa. Mwaka ule godauni lilikuwa na popo ndani na kufuli nje. Dawa ilikuwepo madukani mjini, anayeitaka akanunue, lakini sisi tulikuwa tumezoea kwamba dawa huja yenyewe kama mvua. Tukala wali. Nalisema hili mapema ili msomaji alijue, kwa sababu wengi wetu hatukulijua, na aliyelijua alinyamaza.

Mama yangu aliitwa Osmunda, na Mmatengo hakuwa. Alikuwa Mnyasa wa Mbaha, ufukweni mwa Ziwa Nyasa. Baba yangu, Kasiani, aliteremka huko ujanani kubadilisha maharage kwa samaki, akarudi na samaki na mwanamke. Mama alikuwa mrefu, mweusi wa kung'aa, na mdomo wake haukuwa na mlango. Alichokiona alikisema, tena mbele ya mtu mwenyewe. Miaka kumi na tano alikaa milimani, akajifunza Kimatengo, akajifunza kufukia ngolo kama aliyezaliwa humo, lakini kitu kimoja hakukiacha, nacho ni usipa. Hao ni samaki wadogo wa ziwa letu, wembamba kama kidole cha mtoto mchanga, hukaushwa juani juu ya mchanga. Kila baada ya miezi michache ndugu zake walimpandishia gunia, na nyumba nzima ikanuka ziwa.

Aliwaosha maji matatu. Maji ya kwanza yalitoka na mchanga, ya pili yalitoka na magamba, ya tatu yalibaki na rangi ya kijivu chenye mng'ao, kama macho ya mzee. Maji yote matatu aliyamwaga chini ya mkahawa uliokuwa mlangoni mwa jiko. "Kwetu ziwani hatumwagi kitu bila kukipa kazi," alikuwa akisema. Mkahawa ule ulikuwa wa kijani mpaka ukakaribia weusi, na matunda yake yalibanana kwenye tawi kama abiria. Baba Mdogo Otmari, mdogo wake baba, ambaye shamba lake lilipakana na letu, kila akipita aliziba pua.

"Shemeji, unatupikia au unatufukiza?"

"Nafukiza mbu, shemeji," mama alimjibu, "ila naona mmoja haondoki."

Naye kweli hakuondoka. Aliketi, akala, akaongeza, akalamba vidole.

Lazima niseme kidogo juu ya sengu, maana mambo yote yaliharibikia hapo. Sengu ni baraza la ukoo wetu Wamatengo. Wanaume wa ukoo mmoja hukutana kwa mzee wao, kila mke huleta chakula kutoka nyumbani kwake, wakala pamoja katika sahani moja, na wakisha kushiba huzungumza: nani amepakana vibaya na nani, nani aoe, nani aonywe. Wanawake na watoto tulikaa pembeni tukisikiliza. Zamani nilidhani hapakuwa na mahali pa haki kupita pale. Mtu uliyemega naye tonge moja atakuonea vipi? Hivyo ndivyo nilivyofikiri, na nilikuwa na miaka kumi na mitatu, darasa la tano, na mwalimu alikuwa amenisifu mara mbili.

Masika yale bibi yangu wa Mbaha alifariki, mama akateremka kuzika. Kabla hajarudi niliona jambo dogo ambalo sikulijali: kucha za baba zilikuwa za buluu. Zote kumi. Nikamuuliza. Akasema anasaidia kupaka rangi madirisha ya kanisa. Nikaamini, kwa nini nisiamini, ni baba. Siku mama aliporudi nilikwenda kumpokea kijitoni, chini ya shamba la Baba Mdogo. Alikuwa na gunia la usipa kichwani na macho yamevimba. Mvua ilikuwa imemnyeshea njia nzima, gunia limelowa, na tulipopanda njia ya mkato katikati ya kahawa ya Baba Mdogo lilikuwa linachuruzika. Mimi nilikuwa nyuma yake, hatua mbili. Matone yaliangukia mabega yake, yaliangukia majani, yaliangukia njia. Alikuwa analia kimya kimya akitembea. Hilo ndilo nililoliona, na sina jingine.

Wiki ya tatu baadaye kahawa ya Baba Mdogo ikaanza kuoza mtini. Matunda mabichi yalitoka madoa meusi yaliyobonyea kama mahali palipochomwa na njiti ya kiberiti, doa likala tunda zima, tunda likanyauka likabaki linaning'inia kama pilipili manga. Ukitikisa tawi, msimu mzima unakuangukia miguuni. Leo najua jina lake, ni chulebuni, na najua dawa yake. Wakati ule tulijua kulia tu. Baba Mdogo alikuwa ameshaanza nyumba ya matofali ya kuchoma, kuta zimefika kwenye madirisha. Alisimama katikati ya mikahawa yake akiwa na matunda meusi kiganjani, na nilimwonea huruma kweli. Hata leo namwonea. Mtu akiwa na maumivu makali namna ile hutafuta mahali pa kuyaweka, na aliyaweka kwa mama yangu.

Ilikuwa Ijumaa ya Kwaresima, alasiri, watu wametoka Njia ya Msalaba. Nyama haikuliwa siku hiyo, kwa hiyo kitoweo cha sengu nzima kilikuwa usipa wa mama, aliowapika kwa nyanya na pilipili. Walikuwa wanaume kumi na wawili. Babu Alani, baba yake baba, alikaa juu ya kigoda chake. Wakala. Na mikono ikiwa bado ndani ya sahani, Baba Mdogo akaanza.

"Kahawa yangu ilikuwa nzima. Huyu mwanamke akapita na gunia linachuruzika. Kahawa ikafa. Mnataka niseme nini zaidi?"

Mimi pembeni nikajisemea moyoni: mwaka jana padri alikuja kigangoni kwetu kusomesha misa, na mbwa wetu akafa kesho yake, na hakuna aliyesema padri ameua mbwa. Lakini wazee walitikisa vichwa kama waliosikia jambo zito. Mmoja wao akasema hata yeye alikuwa ameliwaza hilo. Mwingine akasema kijiji kizima kinasema hivyo hivyo, je, kijiji kizima kikosee, awe sahihi mwanamke mmoja tu? Nikawahesabu. Hakuna hata mmoja aliyekuwa kijitoni siku ile. Wote walikuwa wamelipata kwa Baba Mdogo, yeye akalipata kwa hasira yake. Alikuwa mtu mmoja mwenye vinywa kumi na viwili.

Babu akamgeukia mama aseme. Mama hakuinamisha kichwa.

"Mnasema maji ya usipa yameua kahawa," alisema. "Na usipa wenyewe mnaye mdomoni sasa hivi. Mbona matumbo yenu hayajanyauka?"

Mtu mmoja alicheka, kisha akakumbuka alipo, akakohoa. Baba Mdogo akapiga goti lake.

"Mmemsikia? Mwenye moyo safi hujibu hivyo? Mwenye moyo safi hujibu kwa adabu."

Wiki nzima kabla ya hapo mama alikuwa amenyamaza wakimpitia njiani wakinong'ona, na walisema anayenyamaza amekubali. Sasa amesema, na kusema kwake ndiko kukubali. Niliona wazi, kama mtu anavyoona mtego wa panya, kwamba mlango wa kuingilia ulikuwepo, wa kutokea haukuwepo. Halafu likaja la mnunuzi. Mnunuzi mmoja wa kahawa, mwenye gari jeupe, alikuwa amepita wiki ile, na Baba Mdogo akamuuliza. Mtu yule alikuwa mfanyabiashara, hajawahi kushika jembe, akajibu kwamba huko alikotoka hajawahi kuona kahawa ikioteshwa karibu na samaki. Basi. Maneno hayo yakarudiwa pale sengu kama Injili. Anajua bei ya kahawa mpaka Ulaya, mzee mmoja akasema, atashindwa kujua ugonjwa wake? Na mwingine, aliyekuwa kimya muda wote, akafuta mdomo akasema kwamba siku zote aliona vibaya kuoa watu wa ziwani, hawana shamba, wanavizia maji yawape. Hilo halikuhusu kahawa hata kidogo. Lakini ndilo lililoshangiliwa kuliko yote.

Babu Alani aliinua mkono. Nilimpenda babu, nalisema bila kuficha. Alinifundisha kuhesabu kwa punje za mahindi. Akasema kwa sauti yake ya upole: "Wanangu, jambo hili lina njia mbili tu. Ama ni huyu, ama ni Mungu. Nani kati yetu atamshtaki Mungu siku ya Ijumaa ya Kwaresima?"

Godauni lenye kufuli lilikuwa pale pale, ng'ambo ya njia. Kila aliyekaa alikuwa amelielekea. Hakuna aliyeliona.

Ndipo nikasimama. Msichana wa miaka kumi na mitatu hasimami sengu, lakini nilikuwa nina jibu, na jibu lilikuwa linanichoma ulimi. Nilisema: "Shikamooni. Babu, naomba njooni muone mkahawa wa mlangoni kwetu. Mama anaumwagia maji ya usipa kila siku, mwaka baada ya mwaka. Ungekuwa umekufa wa kwanza. Lakini ndio wenye afya kuliko yote mlimani. Maji ya usipa hayaui kahawa. Yanaiponya."

Wakaja kweli. Wote kumi na wawili wakauzunguka ule mti, wakashika majani, wakapindua matawi, wakatafuta doa wasilipate. Nilijaa fahari mpaka nikahisi nimerefuka. Nilimtazama mama nikitaka anione. Mama alikuwa amefumba macho, kama mtu aliyeona chungu kinaanguka na mkono haufiki.

Baba Mdogo akaachia tawi. "Sasa mtoto wake mwenyewe ametuonyesha," alisema polepole. "Ya kwangu imekufa. Ya kwake inanawiri. Ya kwake ameikinga."

Kama mti ungekuwa umekauka, ni yeye. Mti haukukauka, ni yeye. Nilikuwa nimewaletea kuni, nikidhani naleta maji. Nikamtafuta baba kwa macho. Alikuwa amesimama nyuma ya wenzake, mikono ameiingiza makwapani, akitazama chini.

Tukarudi sengu, na babu akaniita karibu naye. Alinishika kiganja. Akasema: "Mjukuu wangu, wewe ulikuwa nyuma ya mama yako siku ile. Sema tu ulimwona akilitikisa gunia makusudi kwenye kahawa ya Baba yako Mdogo. Ukisema, yeye atatubu, tutachinja kuku, tutaomba, yataisha, atabaki kwenye jiko lake. Usiposema, basi mama yako ni mkaidi, na mkaidi hawezi kukaa kwetu. Umesikia? Neno moja, mama yako anabaki."

Kila mtu alinitazama. Hata wanawake. Shangazi mmoja alinikonyeza nikubali, kwa wema kabisa. Nilimtazama mama naye hakunipa ishara yoyote, wala ya ndiyo, wala ya hapana, akaniachia mwenyewe. Mpaka leo sijui kama ule ulikuwa upendo au uchovu. Nikarudi katika kichwa changu mpaka kijitoni, nikapanda tena ile njia, hatua mbili nyuma yake. Nikaona matone. Nikaona mabega yake yakitikisika kwa kilio. Gunia kutikiswa sikuona. Nikasema:

"Sikuona, na nisichokiona sikisemi."

Babu akaachia kiganja changu. Alikifuta kiganja chake kwenye suruali, kama aliyeshika kitu kilicholowa.

Mama aliondoka kabla ya Jumapili ya Matawi, asubuhi, kwa lori la kwenda ziwani. Kwetu watoto ni wa ukoo wa baba, kwa hiyo mimi na wadogo zangu tulibaki. Hakulia. Alipanda juu ya magunia ya watu, akafunga kitenge vizuri, akaniambia jambo moja: "Waoshe maji matatu. Wana mchanga." Lori likaondoka na mimi nikarudi nyumbani kupika, kwa sababu mtu wa kupika hakuwepo tena, na shule yangu iliishia hapo. Nilipofika niliukuta mkahawa wa mlangoni umelala. Baba Mdogo alikuwa ameukata kwa shoka. Ushahidi pekee tuliokuwa nao tuliupikia maharage siku tano.

Msimu uliofuata kahawa ikaoza mlima mzima. Ilioza kwa watu ambao hawajawahi kula usipa, ilioza kwenye mashamba ya misheni, ilioza mpaka huko ambako mguu wa mama haujawahi kukanyaga. Nilidhani sasa watamrudisha. Walisema amewaachia laana kwa hasira ya kufukuzwa. Mwaka ule tulikula ugali wa mihogo, mweusi, unaovutika kama mpira, na mabati mengi yaliyonunuliwa yakarudi sokoni. Nyumba ya Baba Mdogo ilibaki hivyo hivyo, kuta mpaka madirishani. Mvua iliimaliza taratibu. Mama nilimwona mara mbili tu baada ya hapo, huko Mbaha, akianika samaki. Mara ya pili alikuwa amekonda, ana kikohozi, akaniuliza habari za baba. Mara ya tatu nilikwenda kuona kaburi.

Na bado hapo sijafika mwisho wa ujinga wangu. Niliolewa, nikawa na mikahawa yangu, na msimu mmoja mume wangu alipougua nilikwenda mjini mwenyewe kununua mrututu. Nikakoroga kwa mkono. Jioni nilipokuwa namenya ndizi nikaona kucha zangu: za buluu, zote kumi. Niliketi chini pale pale na kisu mkononi. Baba alikuwa na mrututu. Alikuwa amebaki nao wa miaka ya nyuma, kidogo, haukutosha watu wawili, akanyunyizia mikahawa ya karibu na nyumba wakati mama yuko msibani, asimwambie ndugu yake wa tumbo moja. Angefungua mdomo sengu, Baba Mdogo angemuuliza kwa nini hukunigawia. Akaona heri mke aende. Alikufa bila kulisema, na mimi nilimwosha, na kucha zake zilikuwa nyeupe.

Lakini lililoniuma zaidi lilikuwa langu. Mimi niliyejiona nina akili kuliko wazee kumi na wawili nilikuwa nimefanya kosa lao lile lile, nimeligeuza nje ndani tu. Wao waliona maji ya usipa, wakaona kahawa imekufa, wakaunganisha. Mimi niliona maji ya usipa, nikaona kahawa imenawiri, nikaunganisha. Sikuwa nimeona yakiponya. Nilikuwa nimeona yakimwagwa. Nilisimama mbele ya ukoo nikasema kitu nisichokijua kwa sauti ya anayekijua, na sauti ile ndiyo iliyompandisha mama yangu kwenye lori. Kama ningesema tu, hatujui, na tukaishia hapo, labda. Au labda hapana. Walikuwa wameshaamua kabla hawajamaliza kula.

Sasa mimi ni bibi. Nimeitwa bibi mapema, nina wajukuu wawili, na sitaki mtu anidanganye kwamba kuna wajukuu wazuri kuliko hao. Mkubwa anaitwa Osmunda, ana miaka sita. Nimemfundisha swali moja, anawasumbua nalo watu wote: "Umeona au umesikia?" Alimuuliza katekista, katekista akaniita. Binti yangu wa mwisho, Fidea, yuko sekondari, wana kikundi cha mdahalo, na likizo alinisomea kutoka daftarini kwamba makosa haya ya kubishana yana majina, yamepangwa, yanafundishwa. La kudhani kinachofuata kimesababishwa na kilichotangulia. La kumshambulia mtu badala ya neno lake. La kusema wengi wamesema. La kufunga njia zote zibaki mbili. Nilimsikiliza nikichambua maharage. Kila jina alilolitaja nilimwona mtu wake ameketi, na sahani ya usipa katikati. Fidea alidhani nimesinzia.

Nilidhani majina hayo yatasaidia. Watu wamesoma sasa, kila kijana ana simu, bodaboda zinafika mpaka kwenye mlango wa jiko. Lakini mwaka huu nguruwe wa shemeji yangu Gaudensi, mdogo wa marehemu mume wangu, walikufa wote tisa kwa siku nne. Ugonjwa wa nguruwe ulikuwa umeshatangazwa mjini, na yeye mwenyewe alikuwa amenunua dume huko wiki iliyotangulia. Lakini mke wa mwanangu, Neema, alikuwa amepita bandani kwake kuomba chumvi, na Neema ni mtu wa Liparamba, si wa huku kwetu. Hayo yalitosha. Yaliyosemwa sengu kwa alasiri moja yalisemwa kwenye simu, katika kundi la ukoo, kwa siku mbili, sauti juu ya sauti: alipita wakafa; kila mtu kwenye kundi anakubali; hao watu wa huko tunawajua; mbona hajibu; mmeona anavyojibu. Fidea aliandika ujumbe mrefu akieleza makosa yao moja moja kwa majina yake. Wakamtoa kwenye kundi.

Jumapili baada ya misa wanaume wa ukoo wa mume wangu wakaja uani kwangu. Mwanangu alisimama nyuma ya wenzake, akitazama chini. Hakuwa na buluu kwenye kucha, hana anachoficha, ni woga tu, na hilo ndilo lililonimaliza nguvu. Neema alikuwa ameketi mlangoni juu ya begi lake, na bodaboda ilikuwa imeshafika, kijana amezima injini anasubiri. Gaudensi alinisalimia vizuri, Shikamoo, shemeji, akaniketisha kwenye kiti chenye mgongo. Akasema mimi ndiye mkubwa sasa, na siku ile nilikuwa barazani, naliona banda lote. Niseme tu nilimwona Neema akitupa kitu. Nikisema, ataomba msamaha, yataisha, atabaki na watoto wake. Nisiposema, aende kwao.

Sikubishana. Sikuwaambia habari za ugonjwa wa mjini wala za dume aliyemnunua Gaudensi, nimeshabishana maishani mwangu na najua kinakokwenda kila nitakachosema. Najua pia kwamba neno langu halitamzuia Neema kupanda pikipiki ile, kama ambavyo halikumshusha mama kwenye lori. Osmunda alikuwa ameegemea goti langu. Aliinua uso akanitazama, na nilijua ni swali gani liko mdomoni mwake. Nikamjibu yeye, na wao wakasikia.

"Sikuona, na nisichokiona sikisemi."